Madoa Kwenye Utando wa Tone la Mafuta ya Maziwa

Nchini Kenya, Thika inajulikana kwa mafuta ya kupikia ya Bidco, Ruiru kwa maziwa ya Brookside. Vyote viwili vina lipidi, ila kazi zake hazifanani. Mafuta ghafi ya soya au alizeti yanaposafishwa, hatua mojawapo ya mwanzo ni kuondoa fosfolipidi, maana huyachafua kwa utelezi. Lipidi hizo zinazotengwa kiwandani ndizo zinazojenga utando wa kila seli iliyo hai.

Kila fosfolipidi ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakwepa. Ndani ya maji hujipanga safu mbili, vichwa vikitazama nje na mikia ikijificha katikati. Mwaka 1972 Singer na Nicolson waliueleza utando huo kuwa majimaji ya lipidi yanayobeba protini. Walikuwa sahihi, lakini wengi wetu tuliosoma maelezo hayo shuleni tulibaki tukidhani kwamba lipidi zimechanganyika sawasawa kila mahali. Sivyo.

Siri iko kwenye mikia. Kuni zilizonyooka hufungika mzigo mmoja ulioshikamana; zilizopinda huacha mianya. Sfingomielini ina mikia iliyonyooka, ilhali fosfolipidi nyingi nyingine zina mkia uliopinda. Kolesteroli nayo hujipenyeza kati ya mikia iliyonyooka na kuikaza bila kuigandisha. Hapo huzuka eneo dogo lililo nene na lenye mpangilio zaidi kuliko majirani zake, ambalo bado linatiririka. Mwaka 1997 Kai Simons na Elina Ikonen walipendekeza kwamba maeneo hayo hukusanya protini fulani ili zifanye kazi pamoja. Maradhi pia huyatumia: sumu ya kipindupindu hujishikiza kwenye lipidi iitwayo GM1, ambayo hupenda kukaa humo.

Ubishi kuhusu kuwapo kwa maeneo hayo haukukosekana. Katika seli hai maeneo haya hukadiriwa kuwa na upana wa nanomita 10 hadi 200, na hadubini ya kawaida ya mwanga haioni vizuri chini ya nanomita 200. Tena hujitokeza na kutoweka upesi.

Ndiyo maana nayathamini sana maziwa. Tone la mafuta linapotoka kwenye seli ya kiwele cha ng'ombe, hujifunika utando wa seli hiyohiyo na kuondoka nao. Nchini Ufaransa, Christelle Lopez na wenzake walitia rangi inayong'aa kwenye utando huo, na mwaka 2010 wakachapisha picha zenye madoa meusi ya duara: mahali ambapo rangi ilikataliwa kwa sababu sfingomielini zilikuwa zimebanana. Baadhi ya madoa hayo yalikuwa makubwa kiasi cha kuonekana kwa hadubini ya mwanga.

Maziwa ya pakiti yaliyosukumwa kwa shinikizo ili malai yasielee hayafai kwa uchunguzi huu. Matone yake yamevunjwavunjwa, na sehemu kubwa ya uso wake mpya imefunikwa na protini ya kasini. Yatakiwa maziwa mabichi, nayo hayahitaji kutafutwa mbali. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kiko Juja, kati ya Ruiru na Thika, na wafugaji wamekizunguka pande zote. Walimu wa biolojia, acheni kuchora utando uliofanana mwanzo hadi mwisho. Wekeni madoa hayo kwenye mchoro tangu somo la kwanza.