Miaka Ishirini ya Msindano: Kupanga Shamba Binafsi la Miti

Mpango wa usimamizi wa shamba la miti ni hati inayoeleza mmiliki ana miti gani, anataka kupata nini kwayo, na kila kipande cha shamba kitafanyiwa kazi gani katika mwaka upi. Kwenye mashamba ya serikali kama Sao Hill, wilayani Mufindi, hati ya namna hiyo ni sehemu ya kazi ya kila siku. Kwa wakulima binafsi wa Njombe, Iringa na Mbeya, waliojaza vilima vyao misindano, milingoti na miwati, mara nyingi mpango huo hukaa kichwani tu mwa mwenye shamba, na hubadilika kila Januari ada za shule zinapodaiwa.

Kupanda miti kibiashara si jambo jipya katika nyanda hizo. Kampuni ya miwati ya Njombe ilianza mwaka 1949 kwa ajili ya magome yanayotumika kusindika ngozi. Lakini wimbi la wakulima wadogo ni la miongo ya karibuni, na mwaka 2014 Tanzania na Finland zilianzisha programu ya Panda Miti Kibiashara ili kuwasaidia. Finland ina uzoefu wa kutosha katika hili: sehemu kubwa ya misitu yake ni mali ya familia, na mpango wa msitu wa familia huandikwa kwa kipindi cha miaka kumi, kisha hurudiwa.

Kazi ya kwanza ni ardhi. Miti inayosubiri miaka ishirini haifai kusimama kwenye kiwanja ambacho mpaka wake unajulikana kwa maneno ya mdomo tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu mwanakijiji kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na hati hiyo huwa na uzito zaidi kijiji kikiwa na mpango wake wa matumizi ya ardhi. Kisha huchorwa ramani ya shamba ikionyesha vipande kwa aina ya mti na mwaka wa kupanda. Mabondeni ramani hiyo hutenga maeneo yasiyopandwa kabisa: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji. Hata pasipo sheria, mlingoti uliopandwa kando ya vinyungu, yaani bustani za mabondeni, hunywa maji ambayo jirani aliyategemea kwa mahindi ya kiangazi, na ugomvi wake hudumu kuliko mti wenyewe.

Kinachofuata ni kupima. Mkulima hahitaji vyombo vya gharama. Kamba ya mita 5.64 ikizungushwa kutoka kwenye kigingi huchora duara lenye mita za mraba 100, yaani takribani sehemu moja ya arobaini ya ekari. Miti iliyomo ndani ya duara ikihesabiwa na kuzidishwa kwa 40, hupatikana idadi ya miti kwa ekari. Duara kadhaa zilizotawanywa shambani hutoa wastani wa kuaminika. Kipenyo hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, kimo cha kifua, kwa sababu chini ya hapo shina huwa limevimba.

Vipimo hivyo ndivyo vinavyofichua kosa la kawaida, nalo ni msongamano. Nafasi ya mita tatu kwa tatu hutoa miti 450 hivi kwa ekari. Ya mbili kwa mbili hutoa zaidi ya 1,000. Wengi hupanda kwa kubana wakiamini miti mingi ni fedha nyingi, kisha huona uchungu kupunguza. Lakini mwanga, maji na rutuba ya ekari moja havigawanyiki bila kikomo. Miti iliyosongamana hurefuka bila kunenepa, na bei ya gogo hufuata unene. Msindano wenye kipenyo cha sentimita 15 na urefu wa mita 12 una takribani mita ya ujazo 0.1; wenye sentimita 30 na mita 22 unakaribia 0.7. Mti mmoja mnene una mbao za miti saba myembamba. Ndiyo maana mpango hutaja miaka ya kupogoa na ya kupunguza. Matawi ya chini hukatwa mapema ili vifundo vibaki katikati ya shina. Miti dhaifu huondolewa kwa awamu, nayo huuzwa kama mirunda au kuni.

Umri wa kuvuna ndio moyo wa mpango, na hapa mabishano hayaishi. Kila mwaka mti huongeza ujazo fulani. Ongezeko hilo hupanda ujanani, hufika kilele, kisha hushuka. Likishuka chini ya wastani wa miaka yote iliyopita, wastani wenyewe nao huanza kupungua. Umri huo ndio unaotoa mbao nyingi zaidi kwa kila mwaka wa kusubiri. Mwaka 1849 Mjerumani Martin Faustmann alionyesha kwamba hesabu ya fedha hutoa jibu jingine. Fedha iliyofungwa kwenye miti ina riba yake, na ardhi inayoshikiliwa na miti ya leo inachelewesha kizazi kinachofuata. Riba ikiwa kubwa, umri wenye faida huwa mfupi. Mkulima anayekata akiwa na shida ya fedha basi si mjinga kama anavyosemwa kwenye semina. Hasara yake iko kwenye ubora: mbao za miaka ya mwanzo ya msindano ni nyepesi, hazina nguvu na hupinda zikikauka. Mti ukivunwa ukiwa na miaka tisa au kumi, karibu gogo lote ni mbao za namna hiyo, na msumeno mnene wa ding'dong, mashine ndogo ya kupasulia mbao, hula sehemu kubwa ya shina jembamba na kuigeuza unga.

Suluhisho ni kupanga umri badala ya kuhubiri subira. Mwenye ekari kumi akipanda zote msimu mmoja, atakaa miaka ishirini bila kitu, kisha atauza kila kitu kwa bei ya mwaka mmoja. Akipanda nusu ekari kila mwaka, kuanzia mwaka wa ishirini atavuna nusu ekari kila mwaka bila kikomo, mradi apande tena palipokatwa. Pengo la mwanzo huzibwa kwa mahindi au maharage kati ya mistari, na kwa kipande cha milingoti ya nguzo, ambayo huvunwa mapema na kuchipua tena kwenye visiki. Mpango usioandika ada, matibabu na harusi za familia utavunjwa na ada, matibabu na harusi.

Moto hauhitaji maelezo mengi, ila hesabu yake ni ya kushangaza. Ekari moja ya mraba ikizungushiwa njia ya moto ya mita tano kwa ndani, hupoteza karibu asilimia 29 ya eneo. Majirani wakiunganisha ekari 25 na kusafisha mzunguko mmoja, hasara ni asilimia 6. Hiyo ndiyo sababu yenye nguvu kuliko zote ya kujiunga na chama cha wapanda miti.

Wadudu nao hudai shamba liwe na aina zaidi ya moja ya miti. Mwishoni mwa miaka ya 1980 vidukari wa misaiprasi waliingia Afrika Mashariki na kukausha mashamba mengi. Baadaye akaja nyigu anayevimbisha majani ya milingoti.

Mpango hupitiwa kila baada ya miaka mitano, na mara moja baada ya moto, mauzo makubwa au kifo cha mmiliki. Kinachorahisisha kazi hiyo ni daftari la kila kipande: mwaka wa kupanda, chanzo cha mbegu, tarehe za palizi, kupogoa na kupunguza, na vipimo vya kila duara. Warithi wasio na daftari hilo humwachia mnunuzi akadirie kwa macho, naye hutaja bei ya shamba zima kwa mkupuo.