Gari Linapomisi: Ijulikane Silinda Kabla ya Kununua Kifaa

Nyumba nyingi za Pwani hutegemea gari moja, aghalabu Toyota iliyotumika kwanza Japani, na sasa ina umri wa miaka 15 hata 20. Ndilo lipelekalo watoto skuli na madrasa, na ndilo limpelekalo bibi mzee kliniki. Siku moja huanza kutetemeka kwenye foleni ya feri ya Likoni, au hukosa nguvu lipandapo mlima wa Mazeras. Mama mwenye gari huambiwa, "Gari linamisi, tununue plagi." Plagi hununuliwa. Wiki haipiti, huambiwa ni koili, kisha pampu ya petroli. Fedha za matumizi ya nyumbani zimekwisha, ilhali gari lingali linakohoa.

Injini ya silinda nne huchoma petroli kwa zamu, silinda baada ya silinda. Ili kila moja ichome, sharti ipate cheche, mchanganyiko sawa wa hewa na petroli, na mgandamizo wa kutosha. Ikikosa kimojawapo, zamu yake hupita bure, na mtetemeko unaousikia katika usukani ndio pengo hilo. Swali la kwanza basi ni hili: ni silinda gani, na inakosa nini? Fundi asiyeweza kulijibu hastahili kupewa pesa za vifaa.

Wewe uliye kwenye usukani ndiwe shahidi wa kwanza. Mwambie fundi ni wakati gani gari linamisi. Likikohoa zaidi lipandapo mlima na limejaa watu, ushukiwe upande wa cheche. Likitetemeka limesimama, kisha likatulia ukanyagapo mafuta, huenda kuna mpira uliopasuka unaoingiza hewa isiyopimwa. Likisumbua asubuhi baada ya mvua za mwaka, kisha likapona jua likipanda, tazama unyevu. Hewa yetu ya bahari ina chumvi, nayo hula vichwa vya nyaya polepole bila kuonekana.

Magari ya zamani zaidi, yale yenye nyaya za plagi, yana kipimo kisichogharimu chochote. Usiku, mahali penye giza na penye hewa, boneti hufunguliwa injini ikinguruma. Waya uliochoka huvuja cheche ndogo za buluu. Tazama tu, usiguse, kwani umeme wake hupita volti 10,000; na mikono ya buibui au ncha za mtandio zisikaribie mikanda inayozunguka.

Katika magari ambayo kila plagi ina koili yake, kompyuta ya gari mara nyingi huitaja silinda yenyewe. Fundi akiunganisha mashine yake ya kupimia, alama P0302 humaanisha silinda ya pili inamisi. P0300 humaanisha hitilafu haikai kwenye silinda moja. Tuseme imetoka P0302. Injini ikiwa imezimwa, koili ya pili na ya tatu zibadilishane mahali, alama ifutwe, kisha gari liendeshwe. Ikitokea P0303, koili ndiyo mbovu, na inanunuliwa moja tu. Ikibaki P0302, koili haina kosa. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na fundi anayeikataa huku akisisitiza ununue koili zote nne anakupotezea mali.

Plagi zinapotolewa, omba zipangwe kwa utaratibu wa silinda zake. Yenye rangi ya hudhurungi hafifu ni nzima. Nyeusi yenye masizi makavu huonyesha petroli imezidi. Iliyolowa oili huenda inatokana na sili za mpira za kifuniko cha vali, ambazo bei yake ni ndogo mno kuliko injini unayoambiwa ubadilishe.

Taa ya injini ikimemeta badala ya kuwaka tu, punguza mwendo na usimame mahali salama. Petroli isiyochomwa inaingia kwenye bomba la moshi na kukiunguza chombo cha kusafisha moshi, ambacho ni ghali, na joto lake laweza kuwasha majani makavu chini ya gari.

Cheche na petroli zikiwa sawa, hubaki mgandamizo. Fundi hufunga geji kwenye tundu la kila plagi na kulinganisha vipimo. Silinda iliyo chini sana kuliko wenzake hutiwa oili kidogo na kupimwa tena: kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimelika, kisipopanda, ni vali au gasketi. Hapo matengenezo huwa makubwa. Omba vipimo vyote vinne viandikwe kwenye karatasi, uende navyo nyumbani, mshauriane, na ikiwezekana fundi wa pili avisome kabla ya injini kufunguliwa.