Kumbe Haikuwa Malaria, Ilikuwa Ekzosi!

Huenda ukashangaa kukuta habari za spana na sailensa katika kurasa ulizozoea kusoma habari za malezi na mapishi. Tunakuomba utuvumilie. Kwa miaka mingi sisi wenyewe tulidhani kwamba mambo ya chini ya gari ni ya akina baba na mafundi, mpaka siku ile watoto wetu walipotufundisha vingine.

Familia yetu inaishi Musoma, na tuna pikapu ya zamani, Toyota Hilux ya petroli, ambayo tuliinunua ikiwa imekwisha kutumika sana. Imebeba magunia ya dagaa, mabati ya nyumba yetu, viti vya harusi na hata majeneza. Mwaka ule bomba lake la moshi lilianza kunguruma. Mama mkwe wetu kule Butiama alikuwa akituchekesha: "Ninyi sihitaji mnitumie salamu. Nikilisikia gari lenu huko mbali, nabandika maji ya chai."

Tulicheka naye. Baba watoto alilifunga bomba kwa bati la kopo la maziwa na waya, nasi tukaridhika. Karo za shule zilikuwa zinadaiwa, na ngurumo, tulijiambia, haiui mtu.

Safari mbili

Msimu wa mvua tulikwenda Butiama kumtazama mama mkwe aliyekuwa mgonjwa. Watoto watatu walikaa nyuma kwenye bodi, nasi tukawafunika vizuri kwa turubai wasilowe. Tulipofika walishuka wakilalamika vichwa. Wa pili akatapika. Sisi ni muuguzi wa siku nyingi, na mawazo yetu yalikimbilia malaria. Tuliwapima kwa kipimo cha haraka, hakikuonyesha kitu. Hawakuwa na homa. Kesho yake asubuhi walikuwa wakikimbiza kuku uani. Tukasema ni uchovu wa barabara.

Baada ya majuma matatu tulikwenda Bunda kwenye harusi. Mvua ilitukuta njiani kabla hatujafika Kiabakari, tukasimama, tukafunga turubai pande zote. Tulipofika Bunda, binti yetu mdogo hakuamka. Tulimwita, akafumbua macho na kuyafumba tena. Kaka zake walikuwa wamelegea kama waliolewa.

Tulisimama karibu na gereji bubu, zile za chini ya mti. Fundi mmoja alikuja, akasikiliza injini, kisha akauliza: "Mama, watoto walikuwa huku nyuma, chini ya turubai?" Tulipoitikia, alifunua turubai na kutuonyesha upande wake wa ndani. Ulikuwa mweusi kwa masizi. "Zimeni gari," akasema. "Watoto hawa wamekula moshi."

Tuliwabeba mpaka kwenye hewa safi, kisha tukawakimbiza kupata matibabu. Kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kilisoma 98 kwa binti yetu, namba ya mtu mzima wa afya. Hata hivyo tulimweleza daktari habari ya moshi, naye hakungoja, akamwekea oksijeni ya barakoa. Jioni aliketi na kuomba soda. Sisi tulitoka nje tukalia.

Moshi huu hufanya nini mwilini?

Injini inapochoma petroli hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ni hewa ile ile ya jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi, ambayo imeziua familia nyingi usingizini. Injini ya dizeli hutoa kiasi kidogo zaidi cha hewa hiyo, lakini moshi wake nao si salama: mwaka 1992 si jana, na mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu.

Kaboni monoksidi hushikana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ikishakalia kiti hicho, oksijeni hukosa nafasi. Damu inazunguka, lakini haibebi kitu. Mtu akikaa kwenye hewa safi tu, huchukua saa nne hadi sita nusu ya sumu hiyo kutoka. Akipewa oksijeni kwa barakoa, muda hupungua hata kufikia saa moja hivi. Kile kifaa cha kidoleni hakiwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu, ndiyo maana kilitudanganya. Watoto hudhurika upesi kwa sababu hupumua haraka, na mama mjamzito ajue kwamba mtoto aliye tumboni huweza kuumia hata mama mwenyewe akiwa na dalili ndogo tu.

Lakini kwa nini nyuma, mahali penye upepo? Gari linapokwenda, hewa huzunguka na kurudi nyuma yake, ikivuta moshi kuelekea kwenye bodi. Turubai huukusanya. Mwaka 1992 madaktari wa Seattle, Marekani, waliandika katika jarida la chama cha madaktari wa nchi hiyo habari za watoto 20 waliopata sumu hii wakiwa nyuma ya pikapu. Kumi na saba walikuwa ndani ya kibanda kilichofungwa, watatu chini ya turubai. Kumi na watano walipoteza fahamu, na mmoja alifariki. Magari yale yalikuwa na bomba linalovuja, au bomba lililotokea nyuma badala ya ubavuni. Tuliposoma habari hiyo tuliona kama imeandikwa juu ya nyumba yetu.

Tulivyoibadilisha nyumbani

Tuliporudi Musoma, watoto hawakupanda tena mpaka kazi ikamilike. Bomba lilikuwa limeoza katikati, na mkia wake ulikatika chini ya bodi. Shemeji yetu, aliyewahi kufanya kazi gereji, alishauri tununue sailensa na mabomba, tufunge wenyewe uani. Tulishiriki tangu mwanzo hadi mwisho, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, gari lipoe kabisa. Bomba la moshi huunguza vibaya sana, na sisi tumefunga vidonda vya namna hiyo. Liwe mahali tambarare penye udongo mgumu, magurudumu yawekewe mawe, breki ya mkono ivutwe. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kutegemea. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma au magogo mazito yaliyopangwa kwa kupishana. Matofali hayafai kabisa, hupasuka bila taarifa.

Pili, nati zenye kutu zisilazimishwe. Tulizisugua kwa brashi ya waya, tukazipaka mafuta ya kulegezea, tukaziacha usiku kucha. Hata hivyo mbili zilikatika. Aliye chini avae miwani, maana kutu huanguka machoni. Gasketi za magari ya zamani huweza kuwa na asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, kwa hiyo usizikwangue zikiwa kavu. Zilowanishe, zifunge katika mfuko, watoto wasizichezee.

Tatu, kufungua huanza nyuma kuja mbele, na kufunga huanza mbele kwenda nyuma. Raba zinazoning'iniza bomba huteleza vizuri zikipakwa maji ya sabuni. Weka gasketi mpya kila maungio; ile ya zamani huonekana nzima, lakini imekwisha kubanwa na haitaziba tena. Usikaze nati hata moja mpaka mabomba yote yamekaa mahali pake. Ukianza kukaza mapema, sailensa itakaa upande na kugonga chasisi. Hakikisha bomba haliko karibu na mpira wa breki, bomba la mafuta wala tairi la akiba.

Nne, kuchomelea tulimwachia fundi. Nyaya za betri zifunguliwe kwanza, na moto usikaribie tangi. Tena mwambie asitumie kipande cha bomba la maji lenye zinki. Moshi wa zinki ikichomwa humletea fundi baridi, homa na maumivu ya mwili saa kadhaa baadaye, naye hukimbilia dawa za malaria kama sisi tulivyotaka kufanya.

Tano, mkia wa bomba upite nje ya bodi, usiishie chini yake. Wa kwetu tuliugeuza utokee ubavuni.

Mwisho ni kupima. Tukiwa nje mahali pa wazi, tuliwasha injini ikiwa bado baridi, shemeji akaziba tundu la mkia kwa kitambaa kilichoroweshwa, kwa nukta chache tu. Mwingine alisikiliza kandokando. Penye tundu husikika mlio kama wa nyoka, na ukipaka maji ya sabuni hapo utaona mapovu. Tulikuta ungio moja linavuja, tukazima, tukalikaza. Baada ya siku chache za kutembea tulikaza tena zote, kwa kuwa chuma kikipata moto na kupoa, nati hulegea.

Mama, shika haya

Ugonjwa unaowapata watu wengi wa gari moja kwa wakati mmoja, bila homa, nao unapungua wakishashuka, si wa kumeza dawa na kulala. Uliza habari ya moshi. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi usio wa kawaida: simamisha gari, zima injini, toa watu nje, peleka hospitali, na utamke wazi neno "moshi," maana kipimo cha kidoleni hakitakusemea. Usiwashe gari ndani ya banda lililofungwa, hata milango ikiwa wazi kidogo. Wala usiwafungie watoto ndani ya turubai nyuma ya pikapu, hata kama bomba ni jipya. Ni afadhali walowe.

Hatuandiki haya kwa kujisifu. Sisi tuliofundishwa mambo ya damu na oksijeni darasani ndio tuliowafunika watoto wetu kwa mikono yetu, tukijua bomba limefungwa kwa kopo la maziwa. Karo ile tuliyoogopa kuipunguza ililipwa kwa kuchelewa mwezi mmoja, na hakuna mtoto aliyefukuzwa shule.

Mwezi uliofuata tulikwenda tena Butiama. Safari hii watoto walibanana nasi mbele, wengine wakasubiri zamu yao. Tulipiga hodi mlangoni, mama mkwe akashtuka, kanga begani. "Mmefikaje? Sijasikia kitu," akasema. Maji ya chai hayakuwa yamebandikwa, na tuliyangojea kwa furaha.