Ziba na kalafati: msamiati wa bafu lisilovuja

Sentensi “bafu limeziba” ina maana moja kwa msemaji wa Kiswahili: maji hayaendi. Mfasiri aliyekusudia kueleza kwamba viungo vya bafu hilo vimefungwa barabara, visipenyeze hata tone, atakuwa amesema karibu kinyume cha alichotaka. Msomaji atakwenda kutafuta waya wa kuzibulia, na bafu zima halina ubovu wowote.

Chanzo cha mkanganyiko ni kitenzi chenyewe. Ziba ni kufunga uwazi kwa kuujaza au kuufunika ili kitu kisipite: ziba tundu, ziba pengo, ziba masikio. Hapo kitenzi kina mtendwa, na mtenda anajua anachokifanya. Lakini kiima kinapokuwa njia au mfereji, ziba hugeuka kuwa kitenzi cha hali: choo kimeziba, pua imeziba, bomba limeziba. Kwa kanuni ya mnyambuliko mtu angetarajia zibika, na umbo hilo lipo, ila mazungumzo ya kila siku yameipa ziba kazi zote mbili. Kinyume chake, zibua, kimebaki upande wa kuondoa kizuizi, na ndiyo maana mzibuaji wa vyoo ana kazi mjini ilhali hakuna anayejiita “mzibaji”. Nomino kizibo na kizibuo zimetoka katika jozi hiyohiyo.

Methali “usipoziba ufa utajenga ukuta” huwafanya wengi waamini kwamba ziba inatosha kwa kila uwazi. Ufa, hata hivyo, ni kasoro. Haukuwapo ukuta ulipojengwa, na mwenye nyumba hapotezi kitu ukitoweka. Tundu la kutolea maji si kasoro, wala kiungo kati ya ukuta na sakafu si kasoro. Vitu hivi vitatu vinahitaji vitenzi tofauti, na tofauti hiyo huonekana waziwazi katika chombo ambacho Kiswahili bado hakijakipa jina moja: gari lenye kitanda, jiko na bafu ndani yake. Wengine husema karavani, wengine nyumba ya magurudumu. Hapa litaitwa gari-nyumba. Msafara, neno ambalo kamusi nyingi hulitoa kwa karavani, halifai, kwa kuwa hutaja kundi la wasafiri na si chombo.

Na ichukuliwe kwamba gari la namna hiyo, limetokea Rwanda kupitia mpaka wa Rusumo, linasimama Bugarama wilayani Ngara, na mwenyewe anamkabidhi fundi karatasi ya maelekezo iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Fundi wa hapo huenda alianza maisha yake kwa Kihangaza na kukipata Kiswahili shuleni na kazini. Anakisoma Kiswahili cha karatasi kama kilivyoandikwa. Karatasi inasema: “Ziba nafasi zote zilizo chini ya fremu ya mlango wa bafu.” Naye anaziba zote. Miongoni mwa nafasi hizo mna vitundu vidogo ambavyo mtengenezaji aliviacha makusudi katika fremu ya alumini, upande wa ndani, ili maji yanayoingia kwenye fremu yarudi katika trei ya bafu. Vitundu vikifungwa, maji hubaki ndani ya fremu, hutafuta matundu ya skrubu, kisha hupenya hadi kwenye plaiwudi ya sakafu. Hakuna atakayeona kitu kwa wiki kadhaa. Baadaye sakafu huanza kubonyea chini ya mguu, na kufikia hapo mbao za chini huwa zimeoza. Fundi ametii kitenzi alichopewa. Kosa liko katika tafsiri.

Neno lililohitajika lipo, na ni la zamani. Kalafati, au kalfati kwa matamshi mengine, ni kushindilia pamba au nyuzi zilizotiwa mafuta katika viungo vya mbao za chombo ili kisivuje. Limeingia kutoka Kiarabu, na ndugu zake wako katika Kireno (calafetar) na Kiitalia (calafatare), jambo lisiloshangaza kwa neno la mabaharia. Mafundi wa majahazi wa pwani walikuwa nalo pamoja na wenzake wawili: sifa, yaani mafuta ya samaki, hasa ya papa, yanayopakwa mbao za chombo, na deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta unaopakwa chini yake. Kila neno lilikuwa na mahali pake, na hakuna fundi aliyekalafati tundu la nguzo ya mlingoti.

Ubora wa kalafati kwa mfasiri ni kwamba mtendwa wake ni kiungo. Mtu hukalafati mahali ambapo vipande viwili vinakutana kwa kusudi na ambapo vitaendelea kutikisika. Jahazi hulegea na kukaza baharini. Gari-nyumba hufanya hivyo hivyo kwenye barabara ya changarawe. Kwa sababu hiyo saruji, inayofaa kabisa katika bafu la nyumba, haidumu katika gari: hukauka ikawa ngumu, na mtikisiko wa kwanza mkali huipasua. Kinachotakiwa ni kitu kinachonyumbuka, na siku hizi kitu hicho ni silikoni, neno ambalo mafundi wa madirisha ya alumini wamekwisha kulizoeza mjini na vijijini.

Kipingamizi kimoja kina uzito. Neno hili ni la pwani, na Ngara iko mbali na bahari. Je, fundi wa Bugarama atalielewa? Yamkini hatalijua kwa jina, lakini tendo lenyewe si geni mkoani Kagera, kwani waundaji wa mitumbwi ya mbao ya Ziwa Viktoria nao hushindilia pamba katika viungo. Inatosha kulieleza neno mara ya kwanza linapotokea: “kalafati viungo, yaani jaza silikoni mahali ukuta unapokutana na trei.” Baada ya hapo litajisimamia. Mwalimu akumbuke pia kuwaonyesha wanafunzi kwamba, kama vitenzi vingine vyenye asili ya Kiarabu vinavyoishia na -i, hiki hakibadiliki mwishoni: hakalafati, akalafati, tukalafati. Mnyambuliko wake ni kalafatia, kalafatiwa.

Utaratibu wa kazi nao una vitenzi vyake, na mpangilio wake haupinduliki. Kwanza kwangua silikoni kuukuu yote, kwa kuwa mpya haishiki juu ya ya zamani. Kisha futa kwa spiriti na uache pakauke kabisa. Mtu mmoja asimame ndani ya trei wakati wa kukalafati, ili uzito wake uufungue mwanya kama utakavyofunguka mtu akioga. Kiungo kilichojazwa trei ikiwa tupu huvutika na kuachia siku ya kwanza ya matumizi. Bafu lisitumike kwa saa 24. Kukwangua kusifasiriwe kwa kusugua: kusugua huacha utando mwembamba, na utando huo ndio unaoharibu kazi.

Maneno mengine matatu hujitokeza katika tafsiri za aina hii na yote yapotoshe. Muhuri ni alama ya mamlaka. Lakiri ni nta au kifungo cha kuthibitisha kwamba mzigo haujafunguliwa, kama kile kinachokuwa kwenye makontena ya malori yanayokwenda Rusumo na Kabanga. Lakiri haizuii maji, huzuia mikono. Gundi nayo huunganisha vitu viwili visiachane, lakini bafu linaweza kuwa limegandishwa vizuri na bado likavuja.

Na kuvuja kwenyewe kunahitaji uangalifu. Kiswahili hukubali chombo na maji kuwa kiima: mtungi unavuja, maji yanavuja. “Bafu linavuja” kwa hiyo haielezi kama maji yanatoka kwenye bomba, yanapenya kwenye kiungo, au ni ukuta tu unaotoa jasho kama mtungi wa maji baridi. Tatu hizi zina tiba tatu. Mfasiri wa malalamiko ya mteja akiandika penya mahali pa toa jasho, fundi atakwangua viungo vizima visivyo na ila, na unyevu utarudi asubuhi inayofuata kwa sababu kilichohitajika kilikuwa kufungua dirisha. Kuvu itakayoota pembeni haitamwambia nani alikosea.

Limebaki jambo la harufu. Gari likiegeshwa kwa majuma mengi, maji yaliyotuama katika bomba lililopindwa chini ya trei hukauka, na harufu ya tangi la maji machafu hupanda hadi ndani. Wengi huandika hapo kwamba bomba limeziba na kushauri lizibuliwe, ingawa ukweli ni kwamba liko wazi kupita kiasi. Sentensi sahihi ni fupi: “Bomba limekauka, mimina maji.”