Video Tatu za Sayansi za Kutazama na Watoto Wako

Ukipita jioni kwenye mabaraza ya Jang'ombe utawakuta vijana wameinamia simu. Wazee hulalamika, na wana haki, kwani mengi yanayotazamwa humo hayana faida. Lakini humo humo kwenye YouTube zimo video fupi za sayansi zinazofurahisha na kufundisha usafi. Leo tunakuchagulia tatu, zote zinahusu vijidudu.

Kwa nini vijidudu? Kwa sababu adui asiyeonekana ni vigumu kumuogopa. Mwaka 1869 hadi 1870 kipindupindu kiliua maelfu ya watu hapa Zanzibar, na zama hizo hata matabibu wengi hawakukubali kwamba kuna kijidudu kinachokileta. Ni katika miaka ya 1880 ndipo Robert Koch wa Ujerumani alipolithibitisha jambo hilo.

1. Pilipili manga na sabuni

Maji hutiwa kwenye sahani, hunyunyizwa unga wa pilipili manga, kisha huchovywa kidole chenye sabuni. Papo hapo pilipili hukimbilia ukingoni! Jambo hili unaweza kulifanya jikoni kwako. Lakini waeleze watoto ukweli: vijidudu haviikimbii sabuni namna ile. Sabuni hulegeza mvutano wa uso wa maji, na pilipili huchukuliwa nao. Mkononi, sabuni hung'oa mafuta na uchafu vilimonasa vijidudu, na ukisugua kwa sekunde 20 maji huviondoa.

Kwa hiyo bakuli moja la maji matupu linalozungushwa kabla ya kula pilau halitoshi. Wa mwisho hunawa uchafu wa waliomtangulia. Tumia sabuni, na mwengine amimine maji kwa kopo. Mtume (s.a.w.) alituelekeza tukiamka tuoshe mikono kabla ya kuitia chomboni, mafunzo haya si mageni kwetu.

2. Askari wa damu

Hii ni filamu ya miaka ya 1950, iliyopigwa kwa hadubini na David Rogers wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani. Chembe nyeupe ya damu inakifukuza kijidudu, inapinda kona kati ya chembe nyekundu, mpaka inakimeza. Kijidudu chenyewe ni stafilokokasi, ambacho huishi puani na kwenye ngozi za watu wengi na ndicho huleta majipu. Ukiiona, utamshukuru Mola kwa ulinzi aliokuwekea bila wewe kujua. Utaelewa pia kwa nini si vizuri kuminya jipu: unaweza kuwasukuma maadui ndani zaidi.

3. Sahani kubwa ya Harvard

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walitengeneza sahani ya urefu wa sentimita 120 na upana wa 60. Pembeni hawakutia dawa. Kila wakielekea katikati waliongeza, mpaka dozi ikawa kubwa mno. Moja ya dawa walizotumia ni trimethoprimu, ambayo imo ndani ya vidonge vya Septrini tunavyovijua sote. Vijidudu vilifika mpakani vikasimama. Kisha vichache vilivyobadilika vikavuka, vikazaana, vikasimama tena, vikavuka tena. Kabla ya wiki mbili kwisha vilikuwa vinaishi kwenye dawa mara 1,000 ya ile iliyowaua wa mwanzo.

Hapa ndipo penye hatari yetu. Mtu akipata mafua hununua vidonge vinne dukani bila ya kupimwa, ilhali mafua huletwa na virusi, na dawa hizo haziviui. Vijidudu vingine mwilini ndivyo vinavyopata mazoezi ya kuvuka mpaka. Siku mtoto wako atakapougua nimonia, dawa huenda isifanye kazi. Usinunue antibayotiki bila ya daktari, usigawane na jirani, na tumia dozi kama ulivyoandikiwa.

Tahadhari

Si kila video ya ajabu ni ya kuigwa. Wapo wanaochanganya dawa ili kuonesha povu na moshi. Usichanganye kamwe jiki na siki au dawa ya choo yenye asidi. Hutoka gesi ya klorini inayounguza mapafu. Kaa na mtoto, tazameni pamoja, kisha muulize amejifunza nini.