Watibiwe, Lakini Si Mtaani Kwetu

Mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni moja ilifika katika mji wa Covington, jimbo la Kentucky nchini Marekani, ikitaka kufungua kliniki ya kuwatibu watu walionaswa na heroini. Covington ni mji mdogo unaotazamana na jiji la Cincinnati, kila mmoja upande wake wa Mto Ohio. Kampuni ilifuata utaratibu kama unavyotakiwa: ikatafuta jengo, ikawauliza maofisa wa mipango miji kama eneo linafaa, ikapewa kibali. Wakazi walipopata habari, kibali hicho hakikudumu. Uliitishwa mkutano wa hadhara na watu wakaja juu. Bodi ya mji ikakifuta.

Kampuni ikatafuta mahali pengine. Safari hii viongozi wa mji waliona hakuna haja ya kugombania jengo mojamoja. Walibadilisha kanuni zenyewe za mipango miji, na zilipokwisha kubadilishwa, hapakuwa na kona hata moja ya Covington ambapo kliniki ya aina hiyo ingeruhusiwa.

Kisa hiki kimejirudia katika miji mingi, na Kentucky haina ukatili wa peke yake. Waulize wakazi mmoja mmoja kama waraibu wapatiwe tiba, na karibu wote watajibu ndiyo, tena haraka. Waulize swali la pili, kliniki iwekwe wapi, uone nyuso zinavyobadilika. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Ni vizuri kwanza kujua kinachofanyika ndani ya jengo hilo linalozua zogo. Dawa inayotumika katika kliniki nyingi za aina hii ni methadoni. Ni kimiminika cha kunywa. Mgonjwa anafika dirishani, anatambuliwa kwa namba au kwa picha iliyo kwenye faili lake, anapimiwa dozi yake kwenye kikombe kidogo cha plastiki na kuinywa palepale mbele ya mhudumu. Pengine hupewa maji ateremshie, au huambiwa aseme neno moja mawili, ili ijulikane dawa imeshuka tumboni na haikufichwa mdomoni ikauzwe nje. Shughuli nzima ni ya dakika chache.

Kazi ya dawa hiyo ni kuzuia arosto, yale maumivu ya viungo, jasho, kuhara na kukosa usingizi yanayompata teja saa chache baada ya kete ya mwisho kumwishia mwilini. Dozi moja ya methadoni humtuliza mtu kwa siku nzima bila kumlewesha kama heroini, ikiwa imepimwa sawasawa. Asiyebanwa na arosto hana haraka ya kupora simu ya mtu. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander waliifanyia majaribio jijini New York katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Kitaalamu, mjadala kuhusu ufanisi wake umekwisha siku nyingi.

Ila methadoni hunywewa kila siku, na hapa ndipo penye kiini cha ugomvi, ingawa wataalamu wanapokwenda kwenye mikutano ya wakazi hupenda kupita juujuu. Kliniki yenye wagonjwa mia tatu ina watu mia tatu getini kila asubuhi. Wengi wao wanakunywa na kwenda zao kazini. Wachache wanabaki. Wanakaa kwenye ukuta wa jirani, wanavuta sigara, wanasubiriana. Na penye mkusanyiko wa waraibu, pusha naye hufika, maana anajua wateja wake wa zamani wanapatikana wapi na saa ngapi. Mama mwenye genge la nyanya mita ishirini kutoka hapo haioni methadoni. Anaona vijana waliokaa mbele ya meza yake. Kumwambia kwamba hofu yake ni ujinga ni kumkosea adabu, na pia ni njia ya uhakika ya kushindwa hoja.

Tafiti nazo zimeliangalia suala hili kwa miaka mingi, hasa Marekani ambako takwimu za polisi hurekodiwa mtaa kwa mtaa. Baltimore, jiji ambalo limehangaika na heroini kwa vizazi, limechunguzwa zaidi ya miji mingi. Watafiti walipohesabu matukio ya uhalifu kuanzia mlangoni mwa kliniki za methadoni na kusonga nje hatua kwa hatua, hawakukuta uhalifu ukiongezeka kadiri mtu anavyoikaribia kliniki. Kwenye maduka madogo ya bidhaa ndogondogo, uhalifu ulipanda kadiri walivyolikaribia duka. Utafiti mwingine wa jiji hilohilo, uliochapishwa mwaka 2016, ulilinganisha vituo vya tiba ya uraibu na maduka ya pombe na maduka ya kona, na vituo vya tiba havikuwa vinara wa matukio ya ukatili. Ni nadra kuona mtaa mzima ukijaa ukumbini kupinga duka la pombe.

Uchunguzi mpana zaidi, ulioangalia kaunti nyingi za Marekani kwa miaka kadhaa, uligundua kwamba vituo vya tiba vinapoongezeka uhalifu hupungua, hasa ule mkubwa. Hilo halishangazi mtu anayejua kete moja inagharimu kiasi gani na pesa yake hutafutwaje.

Bei za nyumba ni habari nyingine, na hapa wapinzani wana karata yao. Watafiti waliochambua mauzo ya nyumba katika eneo la kati la jimbo la Virginia walikuta nyumba zilizo jirani na vituo vya tiba ziliuzwa kwa bei pungufu kwa takriban asilimia 8, na karibu na vituo vya waraibu wa heroini na dawa za jamii yake pengo lilifika asilimia 17. Mwenye nyumba yake moja, aliyoilipia mkopo kwa miaka ishirini, hawezi kuzipuuza namba hizo. Baadaye wachumi wengine walifanya hesabu kama hiyo katika eneo la Seattle na kupata jibu tofauti: vituo vilielekea kufunguliwa mahali ambapo nyumba zilikuwa tayari za bei ya chini, na hilo likizingatiwa, athari ya kituo chenyewe haionekani. Jibu la Seattle linaficha swali lingine. Kwa nini vituo huangukia mitaa ya bei ya chini? Kwa sababu mitaa ya matajiri ina mawakili.

Na mawakili ndio walioimaliza kesi ya Covington. Kampuni ile ilikwenda mahakamani ikitumia sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inayokataza ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu. Uraibu unahesabiwa chini ya sheria hiyo, kwa sharti moja zito: mtu anayeendelea kutumia dawa haramu halindwi, anayelindwa ni yule aliyeacha na yuko kwenye tiba. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho iliunga mkono hukumu dhidi ya mji. Hofu na dhana za jumla kuhusu waraibu, ilionekana, hazitoshi kufungia wagonjwa mji mzima. Miaka mitano baadaye, mahakama nyingine ya rufaa ilibatilisha sheria ya jimbo la Pennsylvania iliyokataza kliniki za methadoni kuwa ndani ya futi 500, yaani kama mita 150, kutoka shule, kanisa, bustani au makazi, isipokuwa halmashauri ya mahali ipige kura kuikubali. Kesi hiyo ilitoka mji wa Reading, ambako halmashauri ilikuwa imekataa. Chora duara la mita 150 kuzunguka kila shule, kila kanisa na kila nyumba ya mji wowote, kisha utafute kiwanja kilichobaki.

Kushinda mahakamani ni jambo moja. Kuishi na majirani waliolazimishwa na jaji ni jambo jingine kabisa, na kliniki nyingi huliona hilo kuwa gumu kuliko kesi yenyewe.

Kinachotokea pale ambapo kila mtaa unafanikiwa kukataa kinaonekana wazi zaidi Boston. Jiji hilo lilikuwa na kisiwa bandarini, Long Island, chenye makazi ya watu wasio na nyumba na programu za kutibu uraibu. Kisiwa kiliunganishwa na bara kwa daraja kuukuu. Tarehe 8 Oktoba 2014 daraja lilifungwa ghafla kwa sababu za usalama, na mamia ya watu wakaondolewa, wengine wakiacha hata nguo zao. Wakaishia mjini, kwenye makutano ya barabara za Massachusetts na Melnea Cass, ambako tayari kulikuwa na hospitali, makazi ya dharura na kliniki za methadoni. Msongamano ukaongezeka mwaka hadi mwaka. Mahema yakasimamishwa kando ya barabara, sindano zikazagaa, na wenye maduka wakalalamika, kwa haki. Jiji liliyaondoa mahema Januari 2022, yakarudi, likayaondoa tena mwishoni mwa 2023.

Mwaka 2018 meya wa Boston alitangaza kwamba daraja litajengwa upya na programu za kisiwani zirudishwe. Likazuka tatizo. Barabara ya kwenda darajani inapita katika mji wa jirani wa Quincy, na Quincy ikakataa. Sababu zilizotajwa zilikuwa foleni za magari na mazingira. Mivutano ya vibali na kesi ikaendelea mwaka baada ya mwaka, na miaka kumi baada ya daraja kufungwa, jipya lilikuwa bado halijajengwa. Wakazi wa mitaa ya kando ya Melnea Cass ndio waliobeba mzigo wa watu wote, wakiwemo waliotoka miji mingine kuja kutafuta tiba.

Afrika Mashariki imelikwepa sehemu kubwa ya zogo hili kwa njia ya kimyakimya. Kliniki ya kwanza ya umma ya methadoni Tanzania ilianza Februari 2011 ndani ya uzio wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, kisha zikafuata za hospitali za Mwananyamala na Temeke. Kenya nayo ilianzia hospitalini, Mathari jijini Nairobi mwezi Desemba 2014, ikafuatiwa na Malindi. Hospitali ina ukuta, ina walinzi, na hakuna jirani anayeshangaa kuona wagonjwa wakiingia. Upinzani mkubwa uliosikika Pwani ya Kenya ulikuwa mwaka 2012, pale serikali ilipotangaza mpango wa kugawa sindano safi, na viongozi wa dini wakauona kama kuubariki uovu. Hata hivyo baadhi ya kazi ya kuwahudumia waraibu ilikuja kubebwa na asasi za dini zenyewe. MEWA ya Mombasa, ambayo ni ya Waislamu, inaendesha kituo cha tiba. Visiwani Zanzibar nyumba za upataji nafuu, ambazo wengi huziita soba, zimekuwa zikipangishwa katikati ya makazi ya watu.

Njia ya hospitali ina gharama yake. Mtu anayeishi pembezoni mwa Dar es Salaam na kutakiwa kuwa kwenye kidirisha kila siku ya Mungu, Jumapili na Iddi zikiwemo, analipa nauli ya daladala kwenda na kurudi kabla hajapata hata kibarua cha siku. Watafiti waliozungumza na wagonjwa wa Dar es Salaam walisikia habari ya nauli na muda tena na tena. Anayekosa siku kadhaa mfululizo hurudi maskani, na maskani iko mtaani kwetu. Kliniki iliyosogezwa mbali haimwondoi teja pale mtaani. Inamwondolea tiba tu.

Kwa hiyo siku mwenyekiti wa mtaa au chifu atakapoitisha kikao kuhusu kliniki ya aina hii, na siku hiyo itafika kadiri huduma zinavyosogezwa karibu na wananchi, nenda. Usiende kupiga kelele ya hapana. Uliza dirisha litafunguliwa saa ngapi, na kama saa hizo zitapishana na za watoto kwenda shule. Uliza wagonjwa watasubiri ndani ya uzio au barabarani, wangapi kwa siku, na nani atawatawanya wanaobaki baada ya kunywa. Uliza kama walioimarika watapewa dozi za kwenda nazo nyumbani, kama Marekani ilivyoruhusu kwa wingi tangu Machi 2020 na kuifanya sheria ya kudumu mwaka 2024, kwa kuwa hilo peke yake hupunguza foleni getini. Dai namba ya simu ya mtu anayepokea malalamiko usiku, na kikao cha pamoja kila baada ya miezi mitatu. Kisha dai majibu yote yaandikwe, yapigwe muhuri, na nakala ibaki ofisi ya mtaa.