Mashahidi wa Rubani: Minara ya Ardhini na Setilaiti za Angani

Abiria akaaye kando ya dirisha katika ndege ipitayo juu ya mawingu usiku wa manane haoni ila giza, na aghalabu hudhani ya kuwa rubani aliyeko mbele ana cha kutazama ambacho yeye amenyimwa. Kumbe rubani naye giza lake ni lile lile, wala hana mlima, mto, wala taa za mji za kumwarifu alipo. Alijualo hulijua kwa mawimbi ya redio, mengine yakitoka katika minara iliyosimikwa ardhini na mengine yakishuka kutoka katika setilaiti. Kila moja katika redio hizo ina ukweli wake na ina uongo wake, na kwa maoni yangu elimu ya kuongoza ndege, tangu ilipoanza hata leo, haikuwa elimu ya kutafuta chombo bora na kukiamini, bali ya kutoridhika na ushahidi wa chombo kimoja peke yake.

Mnara wa kale kuliko yote katika jamaa hii ni ule utoao mawimbi ya masafa ya chini pande zote bila ya kubagua, na ndani ya ndege huwamo sindano inayogeuka ikauelekea. Ni chombo chepesi kujengwa na gharama yake si kubwa, ndiyo maana kilienea hata katika viwanja vidogo vya bara na visiwani. Lakini ila zake ni nyingi. Mawimbi yake hupinda yavukapo baina ya nchi kavu na bahari, jambo ambalo rubani wa mwambao hana budi kulikumbuka. Wakati wa magharibi na wa alfajiri huchanganyika na yale yaliyorudishwa chini na tabaka za juu za anga, sindano ikawa inayumba. Na radi ikipiga karibu, sindano huuacha mnara ikalielekea wingu la radi, yaani pale pale asipotaka rubani kwenda.

Ili kuziepa aibu hizo wahandisi walibuni mnara mwingine, uitwao na marubani VOR, utumiao masafa ya megahezi 108 hadi 118, juu kidogo tu ya yale tusikilizayo taarab na habari katika redio za FM. Ubunifu wake wastahili kuelezwa kwa utulivu. Mfano wake ni taa ya mnara wa bahari izungukayo, ambayo kila mwale wake uelekeapo kaskazini, taa nyingine humweka mara moja kwa pande zote. Baharia mwenye saa mkononi, akiona kumweka kule kisha akahesabu muda hata mwale umfikie, atajua yuko upande gani wa mnara bila ya kuwa na dira. VOR hufanya hivyo hivyo kwa redio, mzunguko wake ukiwa mara 30 katika kila sekunde: alama moja ni sawa kwa pande zote, na ya pili huzunguka. Aliye kaskazini ya mnara huzipata mbili pamoja. Aliye mashariki huipata ya pili imechelewa kwa robo ya mzunguko. Aliye kusini kwa nusu. Chombo cha ndegeni hupima kuchelewa huko, kikamwonyesha rubani mstari alio juu yake.

Mstari haumwambii mtu yuko umbali gani. Kwa haja hiyo kuna mwenziwe, aitwaye DME, na hapo ndege ndiyo inayoanza kunena: hutoa mipigo miwili ya redio, mnara ukaipokea, ukangoja sehemu 50 za milioni moja ya sekunde, kisha ukajibu, na kompyuta ya ndege, ikitoa muda ule wa kungoja, huhesabu umbali kutokana na muda uliosalia. Kipimo hicho huenda kimshazari, si kwa kufuata uso wa ardhi, hata ndege iliyo juu ya mnara wima, katika kimo cha mita 12,000, huambiwa ingali mbali nao kwa zaidi ya maili sita za baharini. Uongo huo ni mdogo, na kila rubani anaujua.

Iko pia mitambo ya kutua, ambayo huelekeza mihimili miwili ya redio kwenye njia ya kutulia, mmoja ukiwa na mtetemo wa hezi 90 na wa pili wa hezi 150. Rubani anaposhika mstari wa katikati mitetemo hiyo hulingana, na akielekea kando mmoja humzidi mwenziwe. Jozi ya pili hufanya vivyo hivyo kwa mteremko, ambao aghalabu ni wa nyuzi tatu. Katika viwanja vyenye mitambo ya daraja la juu ndege hujitua yenyewe katika ukungu mzito, na abiria hushtukia magurudumu yamekwisha gusa lami.

Minara hii mipya yote, hata hivyo, ina upungufu mmoja: mawimbi yake huenda moja kwa moja, wala hayapindi kufuata mviringo wa dunia, na ndege iliyo katika kimo cha mita 10,000 husikia mnara ulio umbali wa yapata kilomita 400, si zaidi. Katikati ya bahari kuu hakuna mnara. Huko ndege ilitegemea vyombo vya kujihesabia mwendo, vinavyohisi kila msukumo na kila mgeuko tangu ndege ing'oe nanga, vikajumlisha. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya Korean Air Lines nambari 007, iliyotoka New York kwa njia ya Anchorage ikielekea Seoul, ilikuwa na vyombo hivyo. Lakini uchunguzi wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga ulibainisha kuwa usukani wa kujiendesha haukuvifuata, bali ulishika mwelekeo mmoja wa dira ya sumaku tangu muda mfupi baada ya kuruka kutoka Anchorage. VOR ya Anchorage, ambayo ingaliweza kuwaonya mapema, ilikuwa imezimwa kwa matengenezo. Kwa zaidi ya saa tano ndege ilijitenga na njia yake kidogo kidogo, ikapita juu ya Kamchatka, ikafika Sakhalin, na huko ndege ya kivita ya Kisovieti ikaitungua. Watu wote 269 waliokuwamo wakafa.

Kabla ya mwezi ule kwisha, serikali ya Rais Reagan ilitangaza kwamba GPS, mfumo wa setilaiti ambao jeshi la Marekani lilikuwa bado likiujenga, utakapotimia utakuwa huru kwa ndege za raia bila ya malipo. Ulitimia mwaka 1995, kwa setilaiti 24 zizungukazo katika kimo cha yapata kilomita 20,200.

Watu wengi hudhani setilaiti humtazama mtu kutoka juu zikamwambia alipo. Hasha! Setilaiti haimjui mtu. Hutangaza tu saa yake na mahali ilipo, na kazi yote ya hisabu hufanywa na chombo kilicho chini. Mawimbi huchukua yapata sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde kutufikia, na kwa kuwa huenda kwa kasi ya kilomita 300,000 kwa sekunde, kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde huwa kosa la mita 300. Ndiyo sababu ndani ya kila setilaiti huwekwa saa za atomu. Chombo cha ndegeni hakina saa ya namna hiyo, na kwa hiyo setilaiti tatu hazitoshi: ya nne yahitajiwa ili kutambua kosa la saa yake mwenyewe. Wala saa za atomu zenyewe haziachwi hivi hivi, kwani Einstein alikwisha onyesha kuwa saa iliyo juu, mbali na uzito wa dunia, hukimbia, na iendayo kasi huchelewa. Kwa setilaiti hizi jumla yake ni kukimbia kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku, na lau isingalirekebishwa, hisabu ya umbali ingalipotoka kwa zaidi ya kilomita 10 kwa siku moja. Wale wasemao kuwa fizikia ya Einstein haina faida kwa mtu wa kawaida na wapande ndege.

Yapo bado mambo ya njiani. Mawimbi hayo hupita katika tabaka la anga lenye chembe za umeme, yakacheleweshwa. Na chembe hizo hujazana zaidi katika kanda mbili zilizo pande mbili za ikweta ya sumaku, ambayo katika Afrika ya Mashariki hupita Ethiopia, kwa hiyo Kenya, Uganda na sehemu kubwa ya Tanzania zimo chini ya kanda ya kusini au jirani yake. Baada ya jua kuchwa, hasa baina ya saa mbili na saa sita usiku, mapovu makubwa huinuka katika tabaka hilo, na ishara ya setilaiti humetameta kama nyota, mara nyingine ikapotea. Marekani na Ulaya wamejenga vituo vya kupima makosa haya na kuyatangaza masahihisho kwa setilaiti nyingine. Kazi hiyo hiyo kwetu ni ngumu zaidi, kwa sababu tabaka letu hubadilika upesi baina ya kituo na kituo.

Lakini lililo zito kuliko yote ni la binadamu. Ishara ya GPS inapofika ardhini nguvu yake haifikii hata sehemu ya trilioni moja ya wati, basi mtambo mdogo wa kuivuruga waweza kuifunika, na mtambo wa werevu zaidi waweza kuighushi, ndege ikaamini iko mahali isipokuwako. Ni kweli kwamba chombo kikipata setilaiti tano chaweza kugundua kuwa mojawapo inasema uongo, na kikipata sita chaweza kuitambua na kuiacha. Ila kinga hiyo ni ya shahidi mmoja aliyekosea, si ya mashahidi wote walionunuliwa. Mashariki ya Mediterania na kando ya Bahari ya Baltiki marubani wameripoti saa za ndege kupotoka, na vyombo vya kuonya juu ya milima kupiga kelele za kutaka ndege ipandishwe ilhali chini hapana mlima, na mwenye kuonywa kwa uongo mara kadhaa huenda siku ya onyo la kweli akasita.

Aprili 2024 ndege mbili za Finnair ziendazo Tartu, Estonia, zilirejea Helsinki bila ya kutua, kwa kuwa taratibu za kukaribia uwanja ule zilitegemea GPS, na GPS ilikuwa imevurugwa. Shirika likasimamisha safari za huko kwa mwezi mmoja, na dawa iliyopatikana haikuwa setilaiti mpya. Zilikuwa taratibu za kutua zitumiazo minara ya DME. Marekani nao, ingawa wanaizima VOR moja baada ya moja kwa kubana gharama, wameamua kubakiza kiasi cha kutosha ili ndege iliyopoteza GPS katika bara lao isiwe mbali kwa zaidi ya maili 100 za baharini na uwanja iwezao kutua bila ya setilaiti. Nchi zinazofikiria kuing'oa minara yao yote kwa sababu kuitunza ni ghali zingefanya vyema kupeleka wahandisi wao Tartu kwanza.